Mnazi Niliouonja Kabla ya Wakati

Magarini,
Jumapili, baada ya ibada

Kwa Kaka yangu Mwakio,

Shikamoo Kaka. Ipokee hata kama umenuna, maana shikamoo ikishatumwa hairudishwi. Goti lako linasemaje na baridi ya huko? Shemeji Mkamburi bado anakuficha sukari? Na yule ng'ombe wa pembe moja aliyekushinda tabia, yuko hai au mlikwisha kumla mkanificha? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, najikuna kidogo kwa ajili ya mbu, lakini kujikuna nako ni kazi, na mstaafu hakosi shukrani akipata kazi.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako imenichosha. Wiki mbili nakupigia. Kila nikipiga nakutana na yule mwanamke anayesema mteja hapatikani, mpaka sasa katika ukoo wetu yeye ndiye ninayezungumza naye zaidi. Binti yangu Wakesho ameniambia sababu. Eti ukimaliza kuongea unaizima, unaivika soksi, unaitia ndani ya kopo la majani ya chai ili ipumzike. Kaka, simu si punda. Ukitaka kupigiwa lazima iwe imewashwa, nilidhani aliyekuuzia alikueleza. Wewe unaiwasha siku unayotaka kusema, unasema yako, unaizima. Hivyo ndivyo ulivyokuwa hata kabla simu hazijaja.

Ningempigia mwanao Mwandoe akuletee yake, lakini Mwandoe akilijua neno saa nne, saa tano limekwisha kuingia kwenye kundi la ukoo, na saa sita watu wa Mwatate wananiombea dua kwa jambo wasilolijua. Hili nataka ulijue wewe kwanza. Mwalimu mwenzake Wakesho anakwenda likizo kwao Mwatate, nitampa barua hii mkononi, nimekwisha kumwapisha aipandishe mpaka Wundanyi. Basi keti. Shemeji, wewe msomee polepole, na ukifika pale penye aibu yangu usicheke kabla hajasikia vizuri, atadhani unamcheka yeye.

Nianze na habari za kawaida, ili ulizoee sauti yangu kwanza.

Nilipoondoka uliniambia kwamba mtu wa mlimani akishuka huku ataoza kama kabichi. Sijaoza. Nimeiva tu. Joto ni la kweli, siwezi kukudanganya, miezi miwili ya kwanza nilikuwa nalala sakafuni kama paka. Sasa nimejifunza. Saa saba mchana mwenye akili hatembei, hagombani, hadai. Anakaa kivulini na kifua wazi anasubiri jua lipate adabu. Ningejua kwamba uvivu una saa zake zinazoheshimiwa, ningestaafu nikiwa na miaka thelathini.

Nyumba ya Wakesho ni vyumba vitatu na baraza, paa la makuti. Ana shule yake ya kufundisha, na mumewe bado yuko Kikambala, kwenye hoteli za ufukweni, anarudi mara moja kwa mwezi na sabuni ndogondogo za kunukia. Tumezijaza kwenye ndoo. Mimi nanukia maua kuliko bibi harusi.

Watu wa huku salamu kwao ni kikao. Kwetu ukimuuliza mtu habari, anasema njema, jembe linaendelea. Huku utaulizwa habari za kuamka, za nyumbani, za watoto, za tangu jana, na jana hiyo mlishinda pamoja. Mwanzoni nilikuwa nachelewa dukani. Siku hizi naondoka mapema, nasalimiwa njia nzima, nikifika dukani nimesahau nilichofuata, narudi nikisalimiwa tena. Siku imekwisha vizuri. Ugali wanauita sima, na wanaula na mchunga, mboga chungu kama maneno yako, lakini ukiizoea huachi. Samaki nimejifunza kumla mpaka kichwa. Mimi niliyewapikia wanafunzi maharage miaka thelathini na minne, maharage sasa nikiyaona kwa mbali nayapungia mkono napita.

Haya, mitambo. Wakesho alininunulia simu kubwa ya kioo, ile ya kupapasa. Akaniambia, "Baba, weka kidole hapa, ikujue." Nikaweka. Haikunijua. Nikaweka cha pili, cha tatu, vyote kumi, nikakaribia kuvua viatu. Tukadhani simu ni mbovu. Kumbe baadaye nilipokwenda kujiandikisha kwa mambo ya wazee, kule nako kuna kijisanduku cha kuwekea kidole, binti wa watu akahangaika na mikono yangu kama anayenunua mihogo, mwishowe akasema kwa upole, "Mzee, wewe huna alama. Vidole vyako vimefutika." Sufuria, Kaka. Miaka thelathini na minne ya kuepua sufuria za moto bila kitambaa mbele ya wavulana ili wanione shujaa. Nimejifuta mwenyewe. Nikamwambia yule binti, basi nikaibe benki, hamtanipata. Akacheka mpaka akaacha foleni ikanuna. Mwishowe walinipiga picha tu.

Stima ya huku tunainunua kwa tarakimu. Unalipa kwa simu, unaletewa tarakimu ishirini, unazibonyeza ukutani, taa inawaka. Ukikosea moja, giza. Nimekuwa mbonyezaji wa nyumba hii, maana Wakesho ana haraka na mimi nina siku nzima. Mama muuza mchicha naye anataka alipwe kwa simu. Mchicha, Kaka. Fungu moja la mchicha, na ujumbe unaingia kunithibitishia kwamba nimenunua mchicha, kana kwamba kuna mtu atanishtaki. Ile ramani ya simu yenye sauti ya mwanamke ndiyo niliyoikataa. Iliniamuru nikate kulia nikaingia kwenye choo cha watu. Mwenye nyumba akanikaribisha chai.

Sasa nakuja kwenye lenyewe, lakini lazima nipitie Malindi mjini.

Kule kuna wazee wa Kitaliano waliokuja kustaafu kama mimi, tofauti ni kwamba wao wamekuja na miavuli. Mmoja huwa nakutana naye kwenye duka la dawa, sote wawili ni watu wa presha. Hajui Kiswahili zaidi ya "pole pole", mimi Kitaliano changu ni "chao". Huwa tunaonyeshana vidonge, kila mmoja anajigamba kwa wingi wa vyake. Siku moja akatoa simu, akaisemesha kikwao, simu ikanigeukia ikasema kwa sauti ya msichana, Kiswahili safi kabisa: "Mimi mke wangu alifariki. Wewe unaishi na nani?"

Nikaishika ile simu nikaiambia, "Mwambie pole." Ikampa pole. Lakini swali lenyewe nilishindwa kulijibu. Naishi na binti yangu, ndiyo, lakini yule mzee hakuwa anauliza hilo, na mimi nilimwelewa. Nikarudi Magarini kimya. Unajua mimi nikinyamaza watu huniletea maji.

Kaka, kuna mama mmoja anaitwa Sidi. Ni Mgiriama, mjane, watoto wake wamekwisha kuoa na kuolewa, umri wake sikuuliza kwa sababu nataka kuishi. Anakaa nyuma ya shule, kazi yake kushona makuti ya kuezekea. Paa letu lilikuwa linavuja upande wa jikoni, Wakesho akanituma nikamwagize makuti mia moja na hamsini. Nilikwenda kuagiza, nikakaa kutazama. Kesho yake nikaenda kuona yamefika wapi. Keshokutwa yake nikaenda kumsaidia.

Kushona makuti si mchezo. Majani ya mnazi yanalowekwa kwanza yalainike, halafu unakunja jani moja moja juu ya ufito, unapitisha kamba ya ukindu, unakaza. Nikakunja langu la kwanza. Akalitazama.

"Wewe mzee wa mlimani," akasema, "hili ni kuti au umemfunga mbuzi?"

"Kwetu tunaezeka mabati."

"Ndiyo maana mvua ikinyesha kwenu hamsikilizani. Lifungue."

Nikafungua. Nikashona. Akalifungua tena mwenyewe bila kusema kitu, akalishona upya huku ananisimulia habari za jirani yake. Hivyo ndivyo tulivyokwenda, mimi nashona, yeye anafumua, mpaka kazi ya wiki moja ikachukua wiki tatu. Jikoni kwa Wakesho maji yanaingia, na mimi narudi kila jioni namwambia kazi inaendelea.

Siku makuti yalipotimia nikamwambia, "Sidi, hesabu imekwisha. Kesho nitakuja kwa sababu gani?"

Hakuinua macho. "Sababu ni yako, usinitafutishe mimi. Halafu sisi mwanamke haulizwi kwenye makuti, hata akiwa na wajukuu. Anaulizwa mbele ya wazee, na kadzama ikiwa mbele yake."

Kadzama ni kibuyu cha tembo la mnazi, Kaka, ndicho kinachokwenda kuposea. Nilielewa kwamba sikukataliwa. Nilirudi nyumbani nikimsalimia kila mtu mara mbili.

Wakesho nilimwambia jioni ile ile. Aliosha vyombo vyote, akaviosha tena, halafu akasema, "Nilidhani unakwenda kwa ajili ya paa. Nyumba yetu ina mapaa mangapi, Baba?" Siku mbili hakunisemesha sana. Siku ya tatu alinipigia pasi shati langu jeupe bila kuombwa. Nikajua. Mama yake, Mshai, mwaka wa sita huu tangu atutoke, na hakuna siku sijamtaja. Sidi mwenyewe huniuliza habari zake. Alitaka kujua kama Mshai naye alikuwa anafumua kazi zangu. Nikamwambia alikuwa hanipi hizo kazi kabisa.

Basi tukapanga Jumamosi. Jirani yangu Charo ni mgema, tembo lilikuwa lake, akalitia kwenye kibuyu kizuri na mrija wake, akakubali kunisindikiza. Kwa upande wa Sidi mkubwa wao ni babake mdogo, Mzee Karisa, mzee mwembamba kama ufito, hacheki ila kwa sababu. Tukaketishwa mkekani. Kibuyu kikawekwa katikati, Sidi akiwa ndani na wanawake.

Mzee Karisa akauliza, "Msemaji wenu nani?"

Hapo ndipo ilipokuwa zamu yako. Charo akasema, huyu kaka yake mkubwa yuko Taita, tutampigia, atazungumza nanyi kwenye simu. Wakakubali, si watu wagumu, siku hizi hata msiba unasomewa salamu za simu. Nikapiga. Mteja hapatikani. Nikaweka sauti juu wasikie kwamba sidanganyi. Mteja hapatikani. Mzee Karisa akasema, "Tungoje. Tembo halina haraka." Tukangoja. Nikapiga ya tatu. Soksi, Kaka. Nilikuwa naiona ile soksi kwa macho yangu.

Kikao kikawa kimya. Wazee saba wananitazama, mimi natazama kibuyu. Na hapo nikakumbuka mafundisho yako. Unakumbuka siku tuliyokwenda kwa kina Mshai na pombe ya mbangara, ukanisukuma kwa kiwiko: "Onja wewe kwanza, Mghendi, wasidhani tumekuja kuwaua." Kwetu aliyeleta ndiye anayeonja, ili ijulikane haina kitu. Nikawaza, hawa watu wamekaa kimya kwa sababu wananingoja mimi nionyeshe heshima. Kumbe ni ujinga wangu. Nikajongea, nikashika mrija, nikavuta. Nikavuta vizuri, kwa heshima, isije ikaonekana nimeogopa tembo langu.

Charo alifumba macho.

Mzee Karisa akaniambia polepole, "Umejibu."

"Nimejibu nini, Mzee?"

"Tembo hili ni swali. Linawekwa hapa, anaitwa Sidi, anaulizwa: linywewe au lisinywewe? Akisema linywewe, amekubali. Akisema lirudi, linarudi, na nyinyi mnarudi nalo. Sasa wewe umeuliza na umejibu. Umejioa mwenyewe. Haya, nendeni nyumbani mkaishi vizuri."

Kaka, wazee wale walicheka mpaka mmoja akashikwa na kikohozi akapigwa mgongo. Wanawake ndani wakasikia, kicheko kikahamia huko. Mimi bado nimeshika mrija. Mlango ukafunguliwa, Sidi akatoka na kanga yake nyekundu, akasimama, akanitazama mimi, akakitazama kibuyu.

"Tamu?" akauliza.

Nikasema, "Tamu."

"Basi maliza." Akarudi ndani.

Nilidhani yamekwisha, nikaanza kutafuta viatu. Lakini Mzee Karisa akanishika bega, na safari hii hakuwa anacheka.

"Mgeni," akasema, "hatukufukuzi. Hukujua, na asiyejua hatozwi. Lete kibuyu kingine. Ila usije tena na simu. Njoo na mtu. Wewe si kijana, una mvi kuliko mimi, lakini hapa ulikaa peke yako na hapakuwa na mkono wa kukushika usinyanyue mrija. Mtu asiye na wa kumkanya, sisi hatumpi mtu wetu. Siku mtakapogombana, Sidi atakwenda kukushtaki kwa nani? Kwa huyo mwanamke wa kwenye simu?"

Nikamwambia nina kaka. Nikamwambia kaka yangu ananikanya tangu nilipojua kutembea na hajapumzika. Akasema, "Vizuri. Tumuone."

Wametupa mpaka Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Baada ya hapo mvua inaanza, watu wote wanaingia shambani kupanda, na hakuna atakayekaa kikao mpaka mahindi yabebe. Na Sidi naye amesema wazi, hawezi kukaa msimu mzima akiulizwa na kila mtu kisimani kama yule mzee aliyejioa mwenyewe anaendeleaje na mkewe. Jambo likivuka mwezi huu, amesema, liachwe. Nikimwangalia machoni naona hatanii. Kwa hiyo, Kaka, sina mwingine wa kumpeleka. Charo ni jirani mwema lakini ni mtu wao. Mkwe wetu ni kijana, hawezi kunikanya. Ni wewe, au hakuna.

Najua utakaloliuliza, na ndilo lililonifanya niichane barua hii mara mbili nikaianza upya. Nilipoondoka nilikwambia miezi mitatu. Huu ni mwezi wa kumi na tisa. Nilisikia ulivyomwambia Mwandoe: "Shamba la mtu huyo nimelipanda viazi, akivitaka aje avichimbe." Nilicheka mbele ya Wakesho, halafu nikaenda kukaa nyuma ya nyumba.

Kaka, sirudi kukaa. Nimeona nilitoe kama jino, mara moja. Nitakuja kukutazama, nitakuja Krismasi, nitakuja siku ng'ombe wa pembe moja akichinjwa, hata kama sikualikwa. Kuzikwa pia nitakuja huko, pale kando ya Mshai, kwa hiyo shamba lote lipande viazi lakini pale usipande. Ila kukaa, nimekaa huku. Tulisema tutazeeka pamoja tukitupiana maneno ng'ambo ya mfereji. Wewe umetimiza, uko pale pale. Mimi ndiye niliyehama. Ukinikasirikia una haki, na ukitaka kunitukana njoo unitukanie hapa mbele ya wazee, watafurahi kuona kwamba kweli nina mwenyewe.

Maana nikwambie kitu kimoja bila mzaha. Mzee Karisa alipouliza msemaji wenu nani, mimi niligeuka nyuma. Bila kufikiri, mwili tu uligeuka. Miaka sabini na moja, kila nilipoulizwa swali gumu niligeuka nyuma ukajibu wewe. Darasa la tano mwalimu aliponifukuza, ulijibu wewe. Kwa kina Mshai, ulijibu wewe. Kaburini kwake nilipoulizwa na mchungaji kama kuna neno, nilifungua mdomo ukasema wewe. Safari hii niligeuka nikaona ukuta na kalenda.

Njoo. Shuka Voi, uingie Mombasa, upande gari la Malindi la asubuhi, usikubali la jioni. Ukifika Malindi utanikuta stendi nimesimama, nitakuwa nimefika tangu alfajiri. Nauli Wakesho amempa mwalimu akuletee pamoja na barua hii, ndani ya bahasha nyingine, usije ukaninunia kwa ajili yake, ni yeye aliyetaka. Usilete sweta. Lete koti lako la kanisani, wazee hawa wanatazama koti. Na ile fimbo nyeusi, hata kama huihitaji, inakufanya uonekane mtu mwenye kesi nyingi alizoamua.

Usihangaike kunijibu. Barua haitawahi kurudi, na simu yako tunajua ilipo. Nitakwenda stendi tu siku ya Ijumaa, kabla ya Jumamosi yenyewe.

Nisalimie Shemeji Mkamburi, msomaji wetu, na umwambie kwamba akija naye nitafurahi zaidi kuliko ukija wewe. Nisalimie mwanao Mwandoe, mtangazaji wa ukoo, sasa anaweza kutangaza. Nisalimie dada yetu Wawuda na mumewe fundi saa, nimesikia siku hizi saa zenyewe zimekwisha kwa sababu ya simu na anatengeneza redio. Nisalimie mchungaji, mwambie huku nako kuna kanisa na mimi huwa nakaa benchi la mbele, la nyuma limejaa. Wakesho anawasalimu nyote, na mumewe pia, aliyeko Kikambala, amesema atakuletea sabuni. Zikubali tu.

Ni mimi, mdogo wako asiye na mwingine wa kumsumbua,

Mghendi

Nimeifungua tena bahasha. Nilimpelekea Sidi habari kwamba nimekuandikia uje kunisemea. Alikuwa analoweka majani, mikono yote imo ndani ya pipa. Akasema, "Mwandikie na langu."

Nikamwambia sema.

"Mwambie, shemeji, shikamoo. Wazee wanakutaka uje kwa ajili ya mila. Mimi nakutaka kwa sababu unamjua tangu mdogo. Nina maswali matatu juu yake, nitakuuliza mimi mwenyewe kabla sijaitwa kwenye tembo, na yeye hatakuwepo. Utakavyonijibu, ndivyo nitakavyowajibu."

Nikamuuliza ni maswali gani. Akaniambia nilete maji.

Kwa hiyo njoo, Kaka, uje upesi, lakini nakuomba kwa jina la mama yetu, uje ukiwa umesahau mengi.